Jamaica au Barbados? Kama begini una droni, anza na mlango wa forodha

Shemeji yangu na dada wanatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi wa pili na wameamua kukimbia baridi ya huku Toronto kwa wiki moja, tiketi za Jamaica na Barbados zinapishana kidogo tu, hoteli hivohivo, pasi zao za Tanzania zinaingia kotekote bila viza, kwahiyo kaniuliza kitu kimoja: "Shem, droni yangu naenda nayo wapi?" Nikamjibu neno moja, Jamaica. Akaniambia mbona unajibu haraka kama umelipwa. Basi nikakaa kumwandikia sababu, ikawa ndefu, nikaona niiweke hapa maana sio yeye peke yake anayejiuliza hilo swali kila baridi ikianza.

Watu wengi wakitafuta sheria za droni za Karibiani wanakimbilia kusoma urefu, umbali, uzito. Sasa hizo za angani zinafanana karibu kila kisiwa, hata ukilala unaziota: futi 400 kwenda juu yani mita kama 120, droni uione kwa macho yako muda wote, kaa mbali na uwanja wa ndege, usirushe juu ya vichwa vya watu. Ukishazijua za sehemu moja umeshajua robo tatu ya Karibiani nzima. Kinachotofautisha kisiwa na kisiwa ni pale begi lako linapopita kwenye eksirei na afisa forodha anaona kitu chenye miguu minne na kamera. Kuna nchi atakwambia karibu sana, likizo njema. Na kuna nchi atakuvuta pembeni.

Mi nimeshavutwa pembeni. Kisiwa sikitaji, na kosa lilikuwa langu, sikuomba kibali, nilisoma mahali kwamba droni ya gramu 249 haihesabiki nikaamini. Yule mama wa forodha hakunifokea hata kidogo. Alifungua begi, akaitoa droni na rimoti na betri zote tatu, akaniandikia karatasi yenye namba ya utambulisho ya droni (serial namba), nikasaini, akafunga kila kitu kwenye mfuko wa nailoni akauweka kwenye shelfu nyuma yake. Kwenye ile shelfu nikaona mifuko mingine mingi tu, kama viatu nje ya msikiti siku ya Ijumaa, kila mmoja una kikaratasi chake. Nikajisemea kumbe tuko wengi wajinga. Siku ya kurudi ndo ilikuwa kazi sasa, kuichukua kuna ofisi yake, ofisi ina saa zake, mwenye funguo katoka kidogo, nimeipata droni abiria wenzangu wameshaanza kupanga foleni ya kupanda ndege. Wiki nzima nimebeba chaja peke yake.

Kwahiyo nikilinganisha hapa chini nalinganisha zaidi mlango, alafu ndo anga.

JAMAICA

Mamlaka yao ya usafiri wa anga inaitwa JCAA. Msimamo wao kwa mtu wa burudani ni mwepisi kuliko sehemu nyingi: droni yako ikiwa chini ya ratili 15, ambayo ni kama kilo 7 hivi, na unarusha kujifurahisha tu bila malipo, huhitaji kibali. Hebu fikiria kilo 7 ni nini, hizi droni zetu za kukunja hata ile kubwa kubwa ya bei mbaya haifiki kilo moja na nusu. Maana yake mtalii wa kawaida yuko ndani ya huo msamaha bila hata kujaribu. Unajaza fomu yao ya kuingia nchini, ile ya C5 inayojazwa mtandaoni kabla ya safari, ukiulizwa una nini unasema ukweli, nina droni ya kujifurahishia, narudi nayo. Basi.

Ukigusa hela tu mambo yanabadilika. Kama kuna mtu anakulipa kumpigia video ya harusi, au hoteli imekuambia lala bure utupigie kontenti, hiyo ni biashara, na biashara inataka kibali cha JCAA hata kama droni ni nyepesi kama andazi. Hapa naona Waswahili wenzangu wengi wanateleza kwa sababu sisi "nakusaidia tu ndugu yangu" na "nakulipa kidogo" huwa vinakaa chungu kimoja. Usalama ni kuuliza mapema kwa barua pepe, sio wiki ya safari.

Sasa kuna mtego mmoja Jamaica ambao hauandikwi vizuri na ndo nataka shemeji aushike. Sheria ni kukaa kilomita 5 kutoka kiwanja chochote cha ndege. Inasikika rahisi mpaka uchukue ramani. Watu wengi wanatua Montego Bay, uwanja wa Sangster, alafu hoteli wanachukua palepale mjini, na ile bichi maarufu ya Doctor's Cave iko ndani kabisa ya hizo kilomita 5, ndege zinapita unaziona mpaka matairi. Yani umesafiri na droni, nchi imekuruhusu, umefika, na hoteli yako imekaa mahali ambapo huwezi kuirusha hata mita tano. Negril nako kuna kiwanja kidogo upande wa kaskazini, watu hawakijui kwa sababu hawatui hapo, kwahiyo sehemu ya juu ya ile bichi ndefu imo ndani ya duara, lakini ukienda kusini kule West End kwenye miamba unakuwa umetoka nje. Kingston ndo usiseme, kuna uwanja wa ndege wa Norman Manley kule kwenye ulimi wa nchi kavu ulioingia baharini na kuna kiwanja kidogo cha Tinson Pen mjini, hayo maduara mawili yanameza sehemu kubwa ya jiji, na bado hujaweka majengo ya serikali na kambi za jeshi.

Dawa yake ni mashariki. Port Antonio. Kiwanja kidogo cha Ken Jones kiko magharibi ya mji, ukipita mji ukaendelea kuelekea mashariki unakutana na Frenchman's Cove, Blue Lagoon, alafu Winnifred Beach, na huko umeshakuwa mbali na duara lolote. Frenchman's Cove ni ya watu binafsi, unalipia kuingia, kwahiyo muulize mwenye nyumba kwanza. Winnifred ni ya umma, watu wa hapo waliipigania mpaka mahakamani ibaki wazi kwa kila mtu. Nilirusha pale asubuhi kabla wauza samaki hawajawasha majiko. Droni imepanda kama mita 60 tu, wakaja ndege wale weusi wa kula mizoga, kwa kule wanawaita John Crow, wawili, wakaanza kuizunguka taratibu kama wazee wanaokagua mtu anayekuja kuposa. Hawakuigusa. Nikaishusha hata hivo. Kijana mmoja aliyekuwa anapanga viti akacheka akaniambia ndege hao hawana shida na wewe mpaka uanze kunuka.

Na kitu kingine, tarehe 28 Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliingia Jamaica upande wa kusini magharibi kikiwa daraja la 5, kile kikali kabisa. Nyumba nyingi upande huo ziliezuliwa. Baada ya janga kama hilo helikopta za misaada zinaruka chini chini, droni ya mtalii ni hatari ya kweli kwa rubani, na hata kama anga iko wazi, paa lililofunikwa turubai la bluu sio kontenti yako. Hiyo sio sheria, ni mi nasema.

BARBADOS

Barbados sio kwamba wanachukia watalii, ni moja ya visiwa vinavyojua kupokea wageni kuliko vyote. Ila kwenye droni wamefunga mlango. Kwa miaka mingi wameweka zuio la kuingiza droni nchini, likawa linaongezwa muda, na mtu anayetaka kuingia nayo anatakiwa awe ameshapata ruhusa kabla hajapanda ndege, kutoka kwa watu wa usafiri wa anga. Huna hiyo ruhusa? Forodha pale uwanja wa ndege wa Grantley Adams wanabaki na droni, unaichukua siku ya kuondoka. Hawaangalii ni gramu 249 au kilo tano.

Ukitaka kuelewa kwanini, angalia ramani. Barbados ina urefu wa kilomita 34 na upana 23. Jamaica ina urefu wa kilomita kama 235. Chora duara la kilomita 5 kuzunguka uwanja mmoja kwenye kila kisiwa, kule Jamaica duara linapotea kama kidoa kwenye kanga, huku Barbados unaona kabisa kipande cha nchi kimeondoka. Ongeza meli za kitalii, ongeza matajiri wenye majumba pwani ya magharibi ambao hawataki kuona kamera ikielea juu ya bwawa lao la kuogelea, serikali ikasema ngoja kwanza. Hata sisi tusijifanye wageni wa haya mambo, nyumbani Tanzania huwezi kuamka tu ukarusha bila TCAA, mamlaka yetu ya anga, kujua, na Kenya mpaka kanuni za 2020 zilipotoka droni ya raia wa kawaida ilikuwa kama haipo kisheria.

Je inawezekana kupata ruhusa? Inawezekana, wapo wanaopata, hasa mwenye kazi maalum, mwenye bima, mwenye barua, aliyeanza miezi kadhaa kabla. Kwa mtu wa likizo ya siku saba anayetaka video mbili za mkewe akitembea mchangani mi naona ni kumfukuza kuku mwenye kamba, unachoka bure na kuku hafiki mbali. Kuna njia rahisi zaidi: mlipe mrushaji wa hapohapo mwenye vibali vyake, wapo, anajua pa kusimama, anajua upepo, anakupa video kwenye flashi, na droni yako imelala salama Toronto kabatini.

TUWEKE MEZANI

Mlangoni: Jamaica unaingia nayo, ukiulizwa unaeleza. Barbados bila ruhusa ya mapema inabaki forodhani.

Karatasi: Jamaica kwa burudani chini ya ratili 15 hakuna kibali. Barbados kibali kwa kila mtu.

Pa kurushia: Jamaica pako pengi ila chagua hoteli kwa ramani. Barbados hata ukiwa na kibali kisiwa ni kidogo na kimejaa watu.

Ukiwa unafanya kazi ya kulipwa: kote unaomba, hapo hakuna mwerevu.

Bila droni kabisa: hapa Barbados anashinda kwa dada yangu, bahari ya upande wa magharibi imetulia kama maji ya kwenye beseni na kasa wanakuja mpaka kwenye miguu. Nasema ukweli wangu ingawa unaniharibia hoja.

VISIWA VINGINE, KWA SABABU NAJUA UTAULIZA

Bahamas wako katikati ya hawa wawili. Unaruhusiwa, ila droni inatakiwa isajiliwe kwa mamlaka yao ya anga kabla, na ile karatasi unaichapa kabisa uwe nayo mkononi ukifika forodhani, sio iko kwenye simu isiyo na chaji. Visiwa ni zaidi ya 700 kwahiyo unafikiri mapori ya bure yamejaa, kumbe kila kisiwa cha maana kina kijiuwanja cha ndege. Mfano wale nguruwe wanaoogelea kule Exuma, ambao ndo nusu ya sababu ya watu kwenda na droni, kisiwa chao cha Big Major Cay kiko jirani kabisa na Staniel Cay, na Staniel Cay ina kiwanja ambacho ndege ndogo zinashuka kutwa nzima. Ongeza ndege zinazotua kwenye maji. Rubani wa ndege ndogo hakuoni wewe wala droni yako, anaona bahari ya kijani tu na jua machoni.

Jamhuri ya Dominika, ile inayoongea Kihispania, sio kisiwa kizima maana wanagawana na Haiti, ila watu wengi wanaenda Punta Cana kwahiyo niiseme. Mamlaka inaitwa IDAC. Kwa droni ndogo ya kujifurahisha hawana usumbufu mwingi, futi 400 zilezile, biashara inataka kibali. Shida yao ni angani zaidi kuliko mlangoni, ile bichi ya Bávaro ina helikopta za kutembeza watalii zinazopita chini sana kufuata ufukwe, na hoteli zenyewe nyingi haziruhusu urushe ndani ya eneo lao hata kama serikali haina neno. Ruhusa ya nchi sio ruhusa ya hoteli, hili liko kila kisiwa, omba kwa maandishi.

Usichanganye hiyo na Dominica ya milima iliyo peke yake kule mashariki, majina tu. Hiyo iko kwenye kundi la visiwa vidogo vya mashariki, pamoja na Saint Lucia, Grenada, Saint Vincent, Antigua na Saint Kitts, ambavyo vina mamlaka moja ya anga ya pamoja yenye makao Antigua, inaitwa ECCAA. Mtu akisikia mamlaka moja anadhani kibali kimoja kinazunguka kote. Hapana, kila nchi ina forodha yake na utaratibu wake wa kukubali. Saint Lucia ndo inayowavunja watu moyo zaidi kwa sababu ya ile milima miwili ya Pitons, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2004, kila mtu anaitaka ile picha. Omba kabla ya safari au iache nyumbani, ndani ya begi bila karatasi ni ule mfuko wa nailoni na shelfu. Na hapohapo Castries kuna uwanja mdogo ambao njia yake ya kurukia inapakana na bichi, helikopta zinabeba watalii kati ya huo uwanja na ule mkubwa wa kusini.

Cuba? Usiibebe. Kabisa. Forodha wanaishika uwanjani, na safari yenye Cuba hata ya siku mbili katikati inatosha kuharibu mpango mzima.

Martinique na Guadeloupe sio nchi, ni Ufaransa, kwahiyo kama unasoma hii uko Brussels au Berlin na tayari una namba yako ya mrushaji ya Ulaya, sheria zako za nyumbani unahamia nazo, mita 120 na ule mtihani wa mtandaoni. Kwa mtu wa namna hiyo ndo chaguo jepesi kuliko yote. Na Puerto Rico ni Marekani, unafuata sheria za FAA, mamlaka yao ya anga, kuanzia gramu 250 unasajili kwa dola 5 na usajili unakaa miaka mitatu, na kuna mtihani mdogo wa bure wa mtu wa burudani. Ila pale San Juan kuna ile ngome ya El Morro yenye uwanja mkubwa wa nyasi, wikiendi familia zinajaa kurusha tiara, upepo mzuri, anga limejaa rangi, unasema hapa ndo pake. Hapana. Ni hifadhi ya taifa, na hifadhi za taifa za Marekani zilizuia droni tangu 2014. Tiara ruksa, droni hapana. Mtoto wa miaka sita ana haki zaidi yako.

VITU VITATU AMBAVYO KISIWA CHOCHOTE VITAKUKUTA

Cha kwanza hizo gramu 249. Huku Kanada droni chini ya gramu 250 huisajili, Marekani kwa burudani hivohivo, tumezoea mpaka tunadhani ni sheria ya dunia. Ni msamaha wa nchi fulani kwenye usajili, haihusiani na forodha. Afisa forodha hana mizani ya gramu pale mezani, ana orodha ya vitu vinavyohitaji kibali.

Cha pili urefu. Ile namba ya urefu unayoiona kwenye skrini ya rimoti kwa kawaida inahesabiwa kutoka pale ulipopaa, sio kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Ukipaa ufukweni ukapandisha kufuata mlima, skrini inaonyesha mita 150 umevunja kiwango wakati droni iko mita 30 tu juu ya miti, na kinyume chake ndo kibaya zaidi, ukisimama kwenye mwamba mrefu wa mita 80 ukaitoa droni baharini kwa mita 100, skrini inasema uko sawa na kumbe juu ya maji uko 180. Vingi vya visiwa hivi ni milima imeingia baharini, kwahiyo itakukuta.

Cha tatu upepo, na hapa mtu wa pwani ya kwetu aliyekua na kaskazi na kusi anaelewa haraka. Karibiani upepo wa kawaida unatoka mashariki, na Desemba mpaka Machi unaongeza nguvu, wenyewe wana jina lake, upepo wa Krismasi. Sasa bichi tulivu za watalii ziko upande wa magharibi kwa sababu hiyohiyo, kisiwa kimeukinga. Maana yake ukirusha kutoka Negril kuelekea baharini unasukumwa na upepo, droni inakimbia vizuri, betri inasoma asilimia 60 unafurahi, alafu unageuza kurudi ndo unaanza kupigana nao, na juu ya maji hakuna pa kutua kwa dharura. Mi sheria yangu upande wa magharibi nageuza betri ikiwa 65. Upande wa mashariki upepo unairudisha droni kwako, ila chumvi inakuja nayo, futa kila jioni kwa kitambaa kikavu, hasa pale mota zinapokaa.

Betri zenyewe zote kwenye begi la mkononi, sio la kupakia chini, hilo ni la mashirika yote ya ndege, kila moja ndani ya mfuko wake au umefunika ncha kwa tepu. Na wanaoenda kwa meli ya kitalii, hapo kuna mlango wa ziada, meli yenyewe. Kampuni nyingine hazitaki droni hata ikae kabatini, nyingine unabeba ila hurushi ukiwa ndani. Alafu meli inagusa nchi tano kwa wiki, kwahiyo nchi ngumu kuliko zote kwenye ratiba ndo inayoamua kama unaibeba, haikusaidii kwamba nne zilizobaki ni poa. Hata kwa ndege, kama unaunganisha kupitia Barbados na ndege ya pili ni kesho asubuhi, ukitoka kwenda kulala hotelini umeingia Barbados na droni yako.

Haya. Nimemtumia shemeji yote haya jana usiku pamoja na skrinshoti ya ramani yenye maduara ya kilomita 5 niliyoyachora kwa kidole. Asubuhi kajibu: Jamaica, siku nne Port Antonio, tatu Negril upande wa West End, na kashapata nyumba ya wageni ambayo mwenyewe amemwandikia kwamba arushe tu ila asiwashtue mbuzi. Anabeba betri tatu. Dada kaniambia pembeni kwamba zimebaki mbili tu, ya tatu kaificha yeye, anataka angalau saa moja ya hiyo likizo mumewe awe anamwangalia yeye na sio skrini.